Wiki moja milimani kwa gari: Dar, Udzungwa, Iringa, Njombe, Kitulo na kurudi

Ukikaa na watu wanaopanga safari ya Nyanda za Juu Kusini, orodha huwa ni ileile: Mikumi, Udzungwa, Ruaha, Isimila, Kitulo, Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, Matema. Inagawanywa kwa siku saba na kwenye karatasi inakaa vizuri kabisa. Barabarani inageuka kuwa mambo mengine: mnafika kila mahali giza linaingia, mnapiga picha getini, mnalala hoi, alfajiri mnaondoka tena.

Mwongozo huu unafuata mzunguko mmoja ambao unamalizika kweli ndani ya wiki. Unatoka Dar es Salaam Jumapili alfajiri, unalala Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, kisha Iringa mjini, Njombe, na Matamba penye ofisi za Hifadhi ya Kitulo. Jumamosi jioni uko nyumbani. Ni kama kilomita 1,900 ukijumlisha na za kuzungukazunguka. Ili itoshe nimekata Mbeya, Tukuyu na Matema. Najua wenye kwao watanuna, lakini Tukuyu inataka safari yake.

Amua mwezi kabla ya kitu kingine

Hapa ndipo pagumu, kwa sababu maua ya Kitulo na njia kavu haviji pamoja. Huko juu kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, mara nyingine unagusa Mei. Maua nayo yanachanua kwa wingi kati ya Desemba na Aprili, yaani katikati ya matope. Juni mpaka Agosti njia ni kavu na mbingu nyeupe, ila uwanda unabaki nyasi, na usiku baridi inagandisha umande. Septemba na Oktoba kunapendeza kutembea, ingawa maporomoko ya Sanje kule Udzungwa yanakuwa yamepungua maji.

Kama una gari la kawaida, au unasafiri na watoto wadogo, nenda Juni hadi Oktoba na ukubali kuyakosa maua. Kama maua ndiyo yanayokutoa nyumbani, lenga mwanzoni mwa Desemba: mimea imeshaamka na udongo haujalowa kiasi cha kumeza magurudumu. Machi na Aprili waachie wenye gari la nguvu kweli na dereva aliyezoea utelezi. Wiki mbili za mwisho za Desemba zikwepe kabisa, kwa sababu barabara kuu inajaa mabasi na magari ya watu wanaokwenda kula sikukuu kwao, na kila mmoja ana haraka.

Siku ya kuanza iwe Jumapili. Alfajiri ya Jumapili unapita Mbezi na Kibaha bila foleni, siku za Kitulo zinaangukia katikati ya wiki ofisi zikiwa wazi, na baada ya kurudi una Jumapili nzima ya kulala.

Pima safari kwa saa za mwanga

Kilomita zinadanganya. Barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya ni lami, lakini ina malori ya Zambia na Kongo, ina matuta, ina vijiji kila baada ya dakika chache ambako mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Gawanya kilomita kwa 50, ndizo saa zako za lami. Kwenye udongo gawanya kwa 25. Halafu ongeza saa moja ya chakula na ya kunyoosha miguu. Ukipata jibu linalokufikisha baada ya saa kumi na moja jioni, siku hiyo imejaa kupita kiasi, punguza.

Sheria ya saa kumi na moja usiivunje hata mara moja. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, na baada ya hapo kuna lori lililoharibika limeachwa barabarani na matawi mawili ya mti ndiyo alama yake, kuna baiskeli isiyo na taa, kuna ukungu milimani. Saa moja iliyobaki hapo katikati ni ya kutafuta chumba ukiwa bado unaona mazingira yake.

Safari ya siku saba haina siku ya akiba, kwa hiyo kubalianeni mapema kitakachokatwa mambo yakienda mrama. Mimi nakata kwa mpangilio huu: kwanza Kalenga yenye ngome ya Mkwawa, kisha nguzo za Isimila, kisha mteremko wa kona nyingi wa Hamsini na Saba, unaotoka Matamba kushuka Chimala. Sanje na uwanda wa Kitulo havikatwi, maana ndivyo mlivyofuata. Mkiamua haya mkiwa sebuleni, hamtagombana mkiwa kando ya barabara na tairi imepasuka.

Gari

Kwa sehemu kubwa ya mzunguko hata gari dogo la mjini linatosha. Tatizo ni Kitulo. Kati ya Makete na Matamba kuna udongo, na kiangazi gari lililoinuka kidogo linapita kwa utulivu. Mvua ikinyesha unahitaji magurudumu manne yanayovuta. Mwenye gari la chini anaweza kuliacha Njombe kwenye gesti yenye uzio na mlinzi, akakodi gari lenye dereva wa huko kwa siku mbili. Mkiwa wanne gharama hiyo inagawanyika, na dereva wa Makete anajua ni kona gani imeliwa na maji wiki hii.

Wiki mbili kabla, mpelekee gari fundi unayemwamini na umwambie wazi kwamba unapanda mlima Kitonga na kwenda Kitulo. Mwombe afungue magurudumu yote manne atazame brekipedi, abadilishe maji ya breki kama yamechakaa, aangalie rejeta, mipira ya maji na feni. Wiki mbili, kwa sababu kilichobadilishwa usiku wa kuamkia safari huharibikia Chalinze. Tairi ya spea ijazwe upepo, na mtu mmoja zaidi ya dereva awe amewahi kutumia jeki hiyohiyo. Jeki za magari mengi ya mtumba zina mpini uliopotea. Hakikisha wako upo.

Mafuta: gari linalokwenda kilomita 9 kwa lita litakunywa kama lita 210 kwa mzunguko wote. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi piga hesabu kwa bei hiyo na uongeze moja ya kumi kwa ajili ya milima. Sheli zipo kila mji wa njiani hadi Njombe. Jaza tena Njombe, kisha usihesabu kupata mafuta ya uhakika mpaka utakaposhuka Chimala. Yanayouzwa kwenye chupa na madumu huko juu yanasaidia wakati wa dhiki tu.

Makaratasi, ada na fedha

Beba leseni, kadi ya gari au nakala yake, bima iliyo hai, viakisi viwili vya pembetatu, mtungi wa kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza. Trafiki ataviulizia, na tochi zao za kupimia mwendo zipo hasa mwisho wa mteremko unaoingia kijijini. Ukishikwa, adhabu inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali; huna sababu ya kutoa noti dirishani. Madereva wanaokuja mbele wakikuwashia taa, tazama dashibodi yako.

Hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hazipokei fedha taslimu getini. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unaingia. Kila mtu awe na kitambulisho cha NIDA au pasipoti, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, kiwango kilicho chini sana ya cha mgeni wa nje, na bila kitambulisho utabishana bure. Piga simu ofisi ya Udzungwa na ya Kitulo siku chache kabla: uliza ada za sasa, njia zipi ziko wazi, na kama mwongozaji anapatikana siku yako. Simu ya Kitulo ndiyo muhimu zaidi, kwani watakueleza hali ya barabara ya juu kuliko mtu yeyote wa Dar.

Matamba usitegemee mashine ya kutolea pesa. Toa za kutosha Njombe, za noti ndogondogo.

Mzigo hauhitaji maneno mengi. Utashuka Mang'ula yenye joto la bonde, mbu na jasho, na siku tatu baadaye utakuwa kwenye mita 2,600 unatetemeka. Nguo nyepesi za mikono mirefu, sweta nzito mbili, kofia ya kufunika masikio, koti la mvua, viatu vinavyoshika utelezi. Dawa zako, chandarua kama huamini cha gesti, tochi, maji ya kunywa lita kumi ndani ya gari muda wote.

Jumapili: Dar hadi Mang'ula

Toka saa kumi na moja alfajiri. Chalinze unakunywa chai, Morogoro unapita Uluguru ikiwa bado imevaa mawingu, na kufika saa tano hivi unaingia eneo la Hifadhi ya Mikumi, ambalo barabara kuu inalikata kwa takriban kilomita 50. Kupita barabara kuu hulipi kitu. Nenda polepole kama vibao vinavyosema: kuna vibao vinavyoorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga, na ukivisoma mguu wenyewe unatoka kwenye mafuta. Twiga, swala, nyani, mara nyingine tembo kando kabisa ya lami. Usishuke, na usiwarushie nyani ndizi. Wameshajifunza kuvamia madirisha.

Je, uingie ndani ya Mikumi? Kwa mzunguko huu, hapana. Ni hifadhi nzuri, ya tangu 1964, lakini inataka asubuhi na jioni yake, na mnyama utakayemwona kutoka barabarani anatosha kwa wiki ambayo lengo lake ni milima. Wenye watoto wanaolilia simba wafanye hivi: walale Mikumi mjini Jumapili, waingie hifadhini Jumatatu alfajiri, kisha mchana washuke Mang'ula. Siku hiyo moja watailipa kwa kuikata Njombe, wakienda Iringa na kurudi, bila Kitulo.

Mikumi mjini unaiacha barabara kuu na kukata kushoto kwenda Kidatu na Ifakara. Ni kama kilomita 60 hadi Mang'ula. Ukivuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, mashamba ya miwa yanakufuata kulia na kushoto na matrekta yanavuta matela yaliyojaa hadi yanayumba, yape nafasi. Upande wako wa kulia mlima umesimama wima na msitu wake mzima. Huo ndio Udzungwa. Fika, tafuta chumba, ukalipe na kupanga na mwongozaji jioni hiyohiyo ili asubuhi msipoteze saa getini.

Jumatatu: Sanje kwa miguu

Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na haina barabara ya gari ndani. Kila kitu ni miguu. Zipo njia fupi za saa moja na zipo za kulala porini siku kadhaa; kwa siku moja chagua Sanje, bila kuwaza sana. Unarudi kidogo barabara ya Kidatu hadi kijiji cha Sanje, unaingia na mwongozaji, na mzunguko wote unakula saa nne kwa mtu mwenye mwendo wa kawaida. Weka sita, kwa sababu utakaa majini.

Anza saa moja asubuhi. Mwanzo ni mkali: njia inapanda moja kwa moja ndani ya msitu mzito, hewa imesimama, mizizi imetandaa kama ngazi, na baada ya dakika ishirini kila mtu amenyamaza. Kisha unausikia mngurumo kabla ya kuona maji. Maporomoko yanashuka mita 170 kwa vipande. Cha juu kina bwawa la kuogelea karibu na ukingo, na ukisimama pale unaliona bonde lote la Kilombero limelala chini, mraba baada ya mraba wa miwa. Mwongozaji atakwambia usimame wapi na usisimame wapi. Mtii, mawe yana utelezi.

Tembea bila kelele. Kuna mbega wekundu ambao hawapatikani nje ya milima hii na misitu ya jirani, na kuna ngolaga wa Sanje, nyani ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka mwaka 1979. Wanaokaa kimya kwenye kona moja kwa robo saa wanaona zaidi ya wanaokimbilia juu.

Mchana rudi Mang'ula, oga, kula wali na samaki wa Kilombero, lala. Kesho kuna Kitonga.

Jumanne: Kitonga na Iringa

Unarudi Mikumi mjini halafu kulia kwako kunabaki Dar, kushoto Iringa. Barabara inaungana na Mto Ruaha kwenye korongo lenye mibuyu mingi, mpaka Ruaha Mbuyuni ambako vitunguu vimefungwa mashada na kuning'inizwa kwenye fito. Usinunue leo. Utapita tena Jumamosi, na vitunguu vya siku nne ndani ya gari lililofungwa vitakukosesha hamu ya kula.

Mlima Kitonga wenyewe si mrefu, ila umebanwa: ukuta upande mmoja, bonde upande mwingine, na malori yaliyobeba shaba au mafuta yanatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Utanusa breki zinazoungua za wanaoshuka. Kupanda kwa gari dogo kunataka subira tu. Kaa nyuma ya lori kwa umbali wa kutosha kuona mbele, usiingie kumpita kwenye kona hata kama kondakta wake anakupungia mkono, na mshale wa joto ukianza kupanda zima kiyoyozi, fungua vioo. Ukifika juu egesha mahali salama, acha injini ipumue.

Baada ya Ilula, mji wa nyanya, tafuta mnara wa Lugalo kando ya barabara. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lilikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski na kumuua yeye mwenyewe. Dakika kumi zinatosha.

Barabara kuu haiingii Iringa mjini. Pale Ipogolo unakata na kupanda kilima, na hewa inabadilika ghafla. Ukifika kabla ya saa tisa mchana, nenda Kalenga, kilomita kama 15 kwa barabara ya Hifadhi ya Ruaha. Ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, na ndipo kilipo kichwa chake, kilichorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ukifika baada ya hapo, panda mwamba wa Gangilonga utazame mji jua likishuka, kisha ushuke ukale. Iringa ni mji wa kula: kitimoto kwa wanaokula, kuku wa kienyeji kwa wasiokula. Ulanzi, pombe ya mianzi, nao upo msimu wa mvua, mtamu na mwepesi mdomoni, na dereva wa kesho asiuguse, kwani unazidi kuchacha kila saa inavyopita.

Jumatano: Isimila, mipaini, Njombe

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya. Ingia asubuhi mapema, vivuli vikiwa virefu. Kuna nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na mvua, nyingine ndefu kuliko nyumba, na kwenye bonde hilohilo zana za mawe za watu wa kale zimelala chini wazi ambapo wachimbaji wa miaka ya 1950 walizikuta. Saa moja na nusu, pamoja na mwongozaji, inatosha.

Kuanzia hapo kuelekea Mafinga utaona mipaini ya Sao Hill imepangwa mistari mpaka macho yachoke, na malori ya mbao. Mafinga unapata chakula cha mchana kizuri na cha haraka. Makambako ni njia panda: moja kwa moja Mbeya, kushoto Njombe. Usilale Makambako isipokuwa umelazimika. Ni mji wa kupita, wenye makelele ya malori usiku kucha.

Njombe, kilomita 60 mbele, inapokea wageni kwa baridi. Kabla hujalipia chumba uliza mambo mawili tu: maji ya moto yanatoka kweli, na mablanketi mangapi. Fungua bomba mwenyewe uone. Jioni jaza mafuta, toa pesa, nunua mkate, parachichi, maji na karanga kwa ajili ya siku mbili. Piga tena simu Kitulo, uliza kama jana imenyesha.

Alhamisi: kupanda Kitulo

Njombe hadi Makete ni lami, kilomita 107 za kona na miinuko kwenye milima ya Wakinga, mashamba ya viazi yakining'inia kwenye miteremko ambayo huamini mtu anaweza kusimama nayo. Usiikimbilie. Ukungu wa asubuhi unaweza kukaa mpaka saa tatu, kwa hiyo hakuna faida ya kutoka alfajiri. Saa moja na nusu inafaa.

Makete kula chakula cha moto, kisha panda kuelekea Kitulo. Uwanda unafunguka ghafla: miti inakwisha, mbingu inashuka, na mbele yako ni nyasi zinazopanda na kushuka hadi upeo. Ng'ombe wa maziwa wa shamba la serikali la Kitulo huonekana kabla ya hifadhi yenyewe. Hifadhi ilitangazwa rasmi mwaka 2005, ina takriban kilomita za mraba 413, na inajulikana kuwa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu zamani kabla ya TANAPA. Kuna aina kama 350 za mimea, 45 kati yake okidi. Okidi hizo ndizo zilizofanya ilindwe: viazi vyake vilikuwa vinachimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia kupikiwa chikanda, chakula cha huko.

Hakuna simba hapa, wala tembo. Ndiyo maana baadhi ya watu wanarudi wakisema hawakuona kitu. Kitulo huoni kwa kupitisha gari. Simamisha, shuka, tembea mita mia moja kutoka barabarani, kisha chuchumaa. Okidi nyingine hazizidi kidole chako kwa urefu na zimejificha katikati ya nyasi. Ukishaona ya kwanza, unagundua umezungukwa. Tembea kwenye njia, usichume hata moja, na mvua ya radi ikianza kujikusanya rudi garini haraka, kwa sababu kwenye uwanda huo kitu kirefu kuliko vyote ni wewe.

Lala Matamba. Gesti ni za kawaida sana, chakula unaagiza mapema ili wapike, na baada ya saa mbili usiku kila mtu amejifungia na blanketi. Kama una hema na begi la kulalia la baridi kali, uliza hifadhini kuhusu kupiga kambi.

Ijumaa: uamuzi wa Hamsini na Saba

Saa kumi na mbili asubuhi rudi uwandani kwa saa mbili za mwisho. Hii ndiyo nuru nzuri kuliko zote na ndege wameamka. Saa tatu uwe umeshafunga mizigo, maana lazima uchague njia ya kushuka.

Njia ya kwanza ni ile inayoitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake, kutoka Matamba hadi Chimala kwenye barabara kuu ya Mbeya. Inakuokolea saa nyingi na bonde la Usangu linatandika chini yako muda wote. Lakini ni nyembamba, na ni udongo na mawe. Masharti yangu: usiku haikunyesha, breki hazikulalamika Kitonga, na dereva hajachoka. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia, ya kwanza au ya pili. Kwenye gari la otomatiki weka L. Breki igusie kwa vipindi, usiikalie. Piga honi kabla ya kila kona na msikilize anayepanda, ambaye ndiye mwenye haki ya njia. Ukinusa breki, simama kwenye sehemu pana, weka mawe mbele ya magurudumu, upande wa mteremko, subiri nusu saa. Usimwage maji kwenye magurudumu yaliyochemka.

Moja kati ya masharti hayo likikosekana, rudi ulikotoka kupitia Makete na Njombe. Ni ndefu, na itabidi ulale Makambako au Mafinga badala ya Iringa, lakini kuanzia Makete ni lami.

Walioshukia Chimala wanakata kulia. Kama kilomita 100 hadi Makambako, kisha 160 hadi Iringa. Ukifika Mafinga saa kumi na nusu na bado una kilomita 80, lala hapohapo na kesho utoke saa kumi na mbili kasoro, mwanga ukianza.

Jumamosi: Iringa hadi Dar

Kilomita 500, siku nzima. Toka saa kumi na mbili asubuhi ili ushuke Kitonga mapema, na kanuni ya gia ni ileile ya jana, isipokuwa sasa mbele yako kuna lori lenye tani zake na nyuma yako lingine. Acha nafasi pande zote. Ilula chukua nyanya, Ruaha Mbuyuni chukua vitunguu. Uliza bei kwa wauzaji watatu kabla ya kufungua buti, na vifungwe kwenye neti vipate hewa.

Dereva wa pili ashike usukani Morogoro hata kama wa kwanza anasema hajachoka. Kati ya Chalinze na Mlandizi barabara ni nyoofu, joto limerudi, watu wote garini wamelala, na hapo ndipo macho yanapofunga. Ukikuta foleni Kibaha, simama ule, uiache ipungue.

Jumapili osha gari chini, si juu tu. Udongo wa Kitulo ukikaukia kwenye breki na springi unashika unyevu na kula chuma. Jumatatu lirudi kwa fundi yuleyule atazame brekipedi zimebaki kiasi gani, akaze nati za magurudumu, na aangalie kama mipira ya stelingi imevuja.